Mashindano yakiahirishwa, jiwekee lengo la siku saba

Kwa mwanamichezo wa ushindani aliyefungiwa nyumbani na karantini: weka kando kalenda ya mashindano, na kila Jumapili andika lengo moja tu la wiki lisilomtegemea mtu mwingine. Si "nirudi nikiwa bora", bali kitu cha kuhesabika, mfano kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30 macho yakiwa yamefumbwa. Kinachochosha roho mara nyingi si kukosa uwanja, ni kujiandaa kwa siku isiyojulikana. Machi 2020 Olimpiki ya Tokyo iliposogezwa hadi Julai 2021, waliokuwa wamejipanga kwa miaka wakabaki bila pa kuelekeza nguvu. Lengo dogo hukurudishia hisia ya kushinda kitu. Lifanyie kazi saa ile ile ya mazoezi yako ya zamani. Mwili ni mkaidi, saa hiyo ikifika unadai chake. Mbinu hii huharibika ukianza kujilinganisha na video za wapinzani wenye vyuma sebuleni. Na kama usingizi umepotea na huzuni haijaondoka kwa wiki mbili, usiongeze malengo, mpigie daktari au mshauri nasaha.