Turia: kuichagua, kuiweka na kuipika na kamba wa nazi

Kwenye masoko ya Mombasa, Marikiti na Kongowea, utaiona turia imelazwa karibu na karela na mumunye: ndefu, ya kijani, yenye kingo kumi kali zinazoshuka kutoka kikonyoni hadi nchani. Wengi huipita kwa sababu wanachojua ni ndugu yake, dodoki la kuogea. Wanakosa mboga nzuri mno. Turia ni laini, ina utamu wa mbali, na hunywa tui kuliko mumunye. Masharti yake ni mawili: inunuliwe changa, na isitiwe maji.

Uchanga ndio kila kitu. Ndani ya turia mna nyuzi zinazokua pamoja na tunda, na likikomaa nyuzi hizo hukakamaa zikawa dodoki kweli. Hapo hata ukichemsha mchana kutwa hazitalainika. Kwa hiyo kubwa si faida. Tafuta ya shubiri moja hadi moja na nusu, yaani sentimita 20 hadi 35, na unene usiozidi sentimita 5. Ipime mkononi. Changa ni nzito kwa umbo lake kwa kuwa imejaa maji; ukiiona kubwa lakini nyepesi, jua imeshaota nyuzi. Itikise karibu na sikio: mbegu zikicheza ndani, iache. Ishike ncha mbili uipinde kidogo. Inatakiwa iwe imara yenye mnepo mdogo, kwani inayolegea mkononi imekaa sokoni siku nyingi. Kingo zikiwa na kahawia kidogo juu ni michubuko ya njiani tu, haidhuru, lakini zikiwa zimesinyaa na kukauka, maji yameshatoka. Kikonyo kiwe kibichi pale kilipokatwa. Usiichome ukucha kujaribu: jeraha hilo ndilo linaloanza kuoza, na muuzaji ana haki ya kukasirika.

Kuiweka ni kazi ndogo yenye mitego. Usiioshe kabla ya kuiweka. Joto la Mombasa likikutana na mfuko wa plastiki uliofungwa, turia hutoka jasho na kuanza utelezi kwa usiku mmoja. Ikiachwa wazi mezani nayo hunyauka. Kama utaipika kesho, ifunge kwa gazeti uiweke sehemu ya baridi yenye hewa. Zaidi ya hapo, ifunge kwa gazeti hilohilo uitie kwenye droo ya mboga ya friji, si rafu za juu karibu na barafu. Turia haipendi baridi kali: chini ya digrii 10 hivi ngozi huanza kuingia vishimo na madoa, ndiyo maana hata frijini ipikwe ndani ya siku tatu. Isikae pamoja na ndizi mbivu, maembe wala mapapai, kwani hewa inayotoka kwenye matunda yanayoiva huizeesha haraka. Kugandisha kunawezekana baada ya kuichovya kwenye maji yanayochemka dakika 2, ila ikiyeyuka hulegea kabisa, na itafaa mchuzi tu.

Kabla ya kuipika, ionje mbichi. Kata kipande chembamba kutoka kila ncha ya kila turia, kitafune kidogo, kisha ukiteme. Inatakiwa iwe na ladha ya tango. Ikiwa chungu, tupa turia yote hiyo, wala usiichanganye na nyingine. Uchungu huo ni sumu iitwayo kukabitasini, iliyomo katika jamii yote ya maboga na matango. Moto hauiondoi, wala chumvi, wala sukari, na huleta kutapika, kuharisha na maumivu makali ya tumbo. Mtu aliyezoea karela anaweza kufikiri uchungu ni wa kawaida. Wa karela ni wa kawaida. Wa turia na wa mumunye si wa kula hata kidogo.

Ikishapita, ioshe, kata ncha, kisha kwangua kingo zote kumi kwa kisu au kimenyeo. Ngozi nyembamba iliyo katikati ya kingo iache, maana ndiyo inayokishika kipande kisiyeyuke chunguni. Kata duara za sentimita 2. Ukizikata nyembamba utapata uji. Mbegu nyeupe laini huliwa. Zikishaanza kuwa nyeusi na ngumu, zitoe.

Kwa watu wanne chukua turia kilo 1, kamba waliomenywa gramu 300, kitunguu maji kikubwa 1, nyanya 2 zilizoiva, thomu (kitunguu saumu) chembe 4 na kipande cha tangawizi vilivyotwangwa pamoja, pilipili mbichi 1, manjano nusu kijiko cha chai, uzile (bizari nyembamba) uliosagwa nusu kijiko cha chai, mafuta vijiko 3 vya kulia, nazi 1, ndimu na chumvi. Kilo itaonekana nyingi, lakini ukishaikwangua hubaki robo tatu hivi, na chunguni hunywea sana.

Ikune nazi, uikamue kwa kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu, uchukue tui la kwanza peke yake. Tui la pili lipikie wali. Hapa halina kazi. Toa mshipa mweusi wa mgongoni mwa kamba, wapake manjano kidogo na chumvi, wakaange kwenye mafuta ya moto dakika 2, hadi wajikunje na kugeuka rangi, kisha waweke kando. Ukiwaacha wachemke na mboga watakuwa wagumu.

Kwenye mafuta hayohayo kaanga kitunguu kilainike, tia thomu na tangawizi, halafu manjano iliyobaki na uzile, kisha nyanya na pilipili. Hapa usiharakishe: nyanya zipondeke hadi mafuta yajitenge, maana nyanya mbichi huacha ukakasi ambao tui halifichi. Tia turia, geuza, funika, punguza moto. Usitie maji. Baada ya dakika 3 au 4 zitakuwa zimetoa maji yake zenyewe. Funua, acha dakika 3 nyingine maji yapungue. Sasa ndipo utie chumvi, kwa sababu ukiipima chungu kikiwa kimejaa, itazidi kikishanywea. Mimina tui, koroga taratibu kwa moto mdogo hadi lianze kutokota, rudisha kamba, na baada ya dakika 2 epua. Ndimu ikamuliwe chungu kikiwa kimeshatoka motoni.

Tui likikatika, ama moto ulikuwa mkali, ama hukukoroga, ama ndimu iliingia mapema. Mchuzi ukiwa majimaji, hukufunua ule muda wa kupunguza maji. Toa vipande vya turia kwa upawa, punguza mchuzi peke yake, kisha uvirudishe. Duara zikibaki na nyuzi za kutafuna, kosa lilikuwa sokoni na halina dawa. Turia hii iliwe kwa wali mweupe au kwa chapati.

Wasiokula kamba wanaweza kuipikia dengu zilizopasuliwa, gramu 150 kwa kiasi hichohicho, ila zichemshwe pembeni hadi ziive, kwani turia haiwezi kuzingoja.

Na zile kingo ulizokwangua, kama ni za turia changa, usizitupe. Zikate ndogondogo, zikaange kwenye kijiko 1 cha mafuta pamoja na pilipili mbichi na thomu chembe 2 kwa dakika 5 hadi zikauke kidogo, kisha zisage na nazi iliyokunwa vijiko 4, ukwaju kidogo na chumvi. Ni chatne nzuri ya kulia bajia, na frijini hukaa siku mbili.