Porto usiku wa São João: vuka mto mapema

Usiku wa Juni 23 kuamkia 24, mji wa Porto, Ureno, husherehekea São João (Mtakatifu Yohane). Usiku huo kaa upande uleule wa mto Douro unakolala. Fataki hulipuliwa mtoni saa sita usiku na daraja la Dom Luís I hufungwa. Ukiwa Ribeira, mtaa wa kando ya mto upande wa Porto, na kitanda kiko Vila Nova de Gaia, mji wa ng'ambo ya mto, utakwama kwenye umati wa bega kwa bega. Usidanganywe na mwanga: jua huzama baada ya saa tatu usiku, na hapo kingo za mto zimeshajaa. Kula mapema, vichochoroni juu ya mto. Sadini wa mkaa huja na kipande cha mkate: mlaze juu yake, menya ngozi kwa vidole, inua mfupa kuanzia mkiani. Mkate unanyonya mafuta na chumvi, uule mwisho (ndio utamu wenyewe). Ukigongwa kichwani kwa nyundo ya plastiki, gonga nawe. Ndiyo salamu ya usiku huo. Mbinu ya kukaa upande mmoja haifai kama umelipia chakula ng'ambo ya mto. Na ukungu ukitanda mtoni, fataki utazisikia tu.