Kabla ya kutoka Nairobi kwenda kutazama nyota

Mtu wa Nairobi akishikwa na hamu ya kuijua anga, mara nyingi huanza kwa kuulizia bei ya darubini. Namsihi aanze na kalenda. Darubini ya bei ghali juu ya paa la ghorofa Pipeline, mwezi ukiwa mpevu, itamwonyesha machache kuliko anayoyaona kwa macho matupu mtu aliyelala chali juu ya mkeka kule Olorgesailie, usiku usio na mwezi.

Basi tazama mwezi kwanza. Ukiwa mpevu, mwanga wake humeza nyota hafifu zote na Njia ya Maziwa haionekani kabisa. Chagua usiku ulio karibu na mwezi mwandamo, siku nne au tano kabla au baada yake. Kwa kuwa mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, nafasi hiyo hurudi kila mara, na anayefuata kalenda ya Kiislamu anayo tayari ukutani. Kama wikendi yako imeangukia baada ya mwezi mpevu, usiahirishe safari upesi: kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa kama dakika 50, kwa hiyo siku tano baadaye utakuwa na giza hadi karibu saa nne na nusu usiku. Na ikiwa unachotaka ni kuutazama Mwezi wenyewe, nenda unapokuwa nusu. Wakati huo jua huupiga kwa ubavu, na kingo za mashimo yake hutupa vivuli virefu ambavyo hata binokula hukuonyesha.

Kisha msimu. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba, na kati ya Juni na Agosti Nairobi hukaa chini ya wingu la kijivu lisilonyesha wala kuondoka. Januari na Februari ndiyo miezi ya kupangia. Wakulima wa pwani walijua kufuata majira kwa nyota zamani sana, hasa kilimia, kile kichala kidogo cha nyota: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ukilazimika kwenda Julai, shuka Bonde la Ufa. Mara nyingi ukishapita Kona Baridi, kwenye barabara ya Magadi, unaliacha lile wingu nyuma yako, juu ya vilima vya Ngong.

Barabara hiyo ya Magadi ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza. Olorgesailie, eneo la kale lililo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, liko mwendo wa kama kilomita 70 kutoka mjini, na lina banda za kulala na mahali pa kupiga hema. Piga simu mapema. Fika jua halijazama, ujue choo kiko wapi, miiba iko wapi, na walinzi wakueleze ni wanyama gani hupita usiku. Usiegeshe gari kando ya barabara ukatandika mkeka hapo, na usiingie kwenye ardhi ya mtu bila kumwomba mwenyewe.

Sasa jua unachokwenda kukitazama, maana hapa ndipo tulipopendelewa. Nairobi iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi 1.3 tu, kwa hiyo karibu nyota zote za kaskazini na za kusini hupita juu yetu mwaka ukizunguka. Saa nne na nusu usiku, katikati ya Januari, zile nyota tatu za mkanda wa Jabari (Orion) huwa karibu utosini kabisa. Kutoka hapo teremsha macho upande wa kusini, karibu na upeo, utafute doa jeupe lililofifia kama pumzi kwenye kioo. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu, na mwanga wake umesafiri miaka kama 160,000 kukufikia. Aliye London hawezi kuliona hata asubiri mwaka mzima. Na mvua za Mei zikikupa usiku mmoja mkavu, saa tatu hivi utaukuta Msalaba wa Kusini upande mmoja na zile nyota saba za Dubu Mkubwa upande wa pili, zote juu kwa wakati mmoja.

Ikweta hii ndiyo iliyowaleta wanasayansi Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza anga kwa eksirei. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Wasimulie watoto hayo mkiwa njiani.

Kuhusu vifaa, nunua binokula kabla ya darubini. Ya 7x50 au 10x50 inatosha: namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita. Egemeza viwiko juu ya boneti ya gari ili isitetemeke, uielekeze kwenye sayari ya Mshtarii ikiwa imechomoza, na utaona vitone kando yake vimejipanga mstari mmoja. Ndiyo miezi ya Mshtarii ambayo mwanasayansi Galileo aliiona mwaka 1610. Ukifika wakati wa darubini, usidanganyike na kasha lililoandikwa kwamba inakuza mara 500. Ukuzaji wenye faida haupiti sana mara mbili ya upana wa lenzi kwa milimita, kwa hiyo darubini ya milimita 60 ikizidi mara 120 hukupa ukungu tu.

Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwako mmoja wa simu hukurudisha mwanzo. Pakua programu ya ramani ya nyota mkiwa bado mjini, iweke kwenye mwanga mwekundu, na funika tochi kwa plastiki nyekundu. Beba sweta, maji na dawa ya mbu.

Jambo moja ni la mchana. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Misri na Somalia zimo katika njia ya kupatwa kikamilifu, nasi Nairobi tutaona sehemu tu, ikiwa mawingu ya Agosti yataturuhusu. Jua lisilofunikwa lote huunguza jicho bila maumivu yoyote ya kukuonya. Miwani ya kawaida, filamu ya eksirei na beseni la maji havikingi. Tafuta miwani maalumu yenye kiwango cha ISO 12312-2 kwa muuzaji anayeaminika, na uitafute mapema, kabla watu hawajaanza kuigombania.