Mawimbi matatu ya analogi kwa mapigo ya saa moja: somo la kutengeneza fezi tatu za hezi 50 mezani

Umeme unaosambazwa Uganda ni wa hezi 50, volti 240 kati ya fezi na nyutro, na takriban volti 415 kati ya fezi na fezi. Mwanafunzi wa Kampala anayebuni mita ya umeme au kinga ya mota hapaswi kuijaribu saketi yake changa kwenye volti hizo. Anachohitaji kwanza ni mawimbi matatu ya volti chache, yanayopishana kwa digrii 120 kama fezi halisi. Tutayatoa kwa moduli ya NI 9263 ya kampuni ya National Instruments, ambayo ina chaneli nne za kutoa volti hasi 10 hadi chanya 10, ikiwa ndani ya chasisi ya cDAQ (sanduku linalobeba moduli na kuziunganisha na kompyuta), pamoja na Python na maktaba ya nidaqmx inayoamuru vifaa hivyo.

Kinachoyaweka mawimbi pamoja ni saa moja, yaani mapigo ya kielektroniki ndani ya kifaa, inayozipigia chaneli zote, wala si wepesi wa kuzianzisha moja baada ya nyingine. Katika hezi 50 mzunguko mmoja huchukua milisekunde 20, kwa hiyo chaneli ikichelewa milisekunde 1 tu, fezi yake imehama digrii 18. Kompyuta ya kawaida inayotekeleza amri mbili mfululizo huweza kuchelewa kiasi hicho na zaidi, tena kila mara kwa kiasi tofauti.

Hatua ya 1: kuchagua kasi ya sampuli. Wengi huvutiwa na sampuli 1,200 kwa mzunguko kwa sababu 1,200 hugawanyika kwa tatu bila baki. Hesabu hiyo inapendeza, lakini inadai sampuli 60,000 kwa sekunde, na saa ya ndani ya chasisi, ya megahezi 80, haigawanyiki kwa 60,000 bila baki. Programu endeshi italazimika kuchukua kasi ya jirani, karibu 60,015, na wimbi litatoka hezi 50.01 badala ya 50. Ninashauri sampuli 1,000 kwa mzunguko, yaani 50,000 kwa sekunde, kwa kuwa 80,000,000 ukigawa kwa 50,000 unapata 1,600 kamili. Theluthi ya 1,000 si namba kamili, lakini hilo halina madhara mradi kila fezi uikokotoe kwa fomula yake na usihamishe safu ya namba kwenda kulia au kushoto.

Hatua ya 2: kuandaa namba na kuanzisha kazi moja (Task katika nidaqmx).

```
import numpy as np, nidaqmx
from nidaqmx.constants import AcquisitionType

N, kasi = 1000, 50000
t = np.arange(N) / N
data = np.array([5*np.sin(2*np.pi*(t - k/3)) for k in range(3)])

with nidaqmx.Task() as kazi:
    kazi.ao_channels.add_ao_voltage_chan("cDAQ1Mod1/ao0:2")
    kazi.timing.cfg_samp_clk_timing(kasi,
        sample_mode=AcquisitionType.CONTINUOUS, samps_per_chan=N)
    kazi.write(data, auto_start=False)
    kazi.start()
    input("Bonyeza Enter kusimamisha")
```

Chaneli zote tatu zimo katika kazi moja, na data huandikwa kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda ya sampuli, kabla ya kuanza. Bafa hurudiwa bila kikomo, kwa hiyo ni lazima ibebe mizunguko kamili. Ukitumia linspace ya numpy badala ya arange bila kuondoa ncha ya mwisho, sampuli ya mwisho italingana na ya kwanza, na kila mzunguko utakuwa na kisimamo kidogo, ambacho kwa fezi ya kwanza huwa pale wimbi linapokata sifuri, mahali ambapo saketi nyingi za kupima fezi hutazama.

Hatua ya 3: kuhakiki. Unganisha rezista tatu za kiloomu 10, zenye thamani zilizolingana vizuri, kila moja kutoka chaneli yake hadi nukta moja ya pamoja, kisha pima volti kati ya nukta hiyo na COM (pini ya sifuri ya moduli). Fezi zikilingana, jumla yake ni sifuri kila wakati, na osiloskopu itaonyesha mstari karibu bapa. Tumebaki na kilele cha volti 5 ili mkondo usizidi miliampea 0.5, kwa kuwa moduli hii hutoa miliampea 1 tu kwa kila chaneli.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimefungua kazi mbili, moja kwa kila chaneli, nikapata kosa -50103. Moduli yangu imeharibika?*

Haijaharibika, ndugu. Kosa hilo linasema kwamba rasilimali imekwisha kushikwa: kazi ya kwanza imechukua injini ya saa ya kutolea, na ya pili haina pa kuingia. Ziweke chaneli zote mbili katika kazi moja.

*Hapa Jinja tuna USB-6009 pekee, kifaa kidogo cha NI cha USB. Itafaa?*

Kwa zoezi hili, hapana. Ina chaneli mbili za volti 0 hadi 5, haina saa ya kutolea, na mwisho wake ni sampuli 150 kwa sekunde, yaani sampuli tatu tu kwa kila mzunguko wa hezi 50.

*Vipi nikiwa na vifaa viwili tofauti? Nikivianzisha kwa ishara moja, havitalingana?*

Vitaanza pamoja, kisha vitaachana. Saa mbili zikitofautiana kwa sehemu 50 katika milioni, baada ya dakika moja pengo ni milisekunde 3, ambazo ni digrii 54. Toa saa ya sampuli ya kifaa cha kwanza kupitia pini ya PFI (pini ya kupitishia ishara za saa na za kuanzisha), iingize kwenye PFI ya cha pili na ukiamuru kuitumia kama saa yake. Anzisha kifaa cha pili kwanza ili kiwe kinasubiri, halafu chenye saa kianze mwisho.

*Nataka fezi moja ishuke ghafla, kama inavyotokea mtaani kwetu. Niandike data mpya wakati kazi inaendelea?*

Inawezekana, lakini sampuli za zamani na mpya zinaweza kuchanganyika katikati ya mzunguko. Afadhali uandae tukio zima katika bafa moja ndefu: sekunde 10 ni sampuli 500,000 kwa kila chaneli, nawe unaamua mshuko unaanzia sampuli ipi. Tumia hali ya idadi maalumu ya sampuli badala ya mfululizo, na uhakikishe sampuli ya mwisho ya kila chaneli ni sifuri, kwa sababu chaneli hubaki na volti ya mwisho iliyoandikiwa hata kazi ikisimama.