Kuweka draiva ya Audiophile 2496 kwenye kompyuta ya zamani

Kadi yako ya sauti ya Audiophile 2496 ikikaa kimya, usiitupe bado. Vijana wananiletea kompyuta za mezani walizonunua kwa watu waliohama au kwenye ofisi zinazobadilisha vifaa. Ndani wamekuta kadi ya PCI, yaani ya kuchomekwa kwenye tundu la ndani ya kompyuta, yenye matundu manne ya RCA mgongoni, wamepiga Windows upya, sauti haitoki, na mtu amekwisha kuwaambia kwamba kadi imekufa. Ninarekodi kwaya na qaswida hapa Isevya, Tabora, kwa kadi ya aina hiyohiyo, na bado inachukua sauti safi kuliko tundu la maiki la laptopu yoyote ninayoletewa. Mji uliotoa Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz haupaswi kukosa studio kwa sababu ya faili moja la draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi.

Audiophile 2496 ni kadi ya M-Audio ya miaka ya mwanzo ya 2000, ya familia inayoitwa Delta. Inarekodi kwa biti 24 hadi kilohezi 96, ina njia mbili za kuingiza sauti na mbili za kutoa, na kuna mkia wa waya unaochomekwa pembeni wenye MIDI (njia ya kinanda kuzungumza na kompyuta) na sauti ya kidijitali. Mkia huo ukiupata pamoja na kadi, utunze, maana kinanda cha kanisani kitaingilia hapo. Jambo moja ulielewe mapema: kadi hii haina tundu la maiki wala umeme wa volti 48 unaohitajiwa na baadhi ya maiki. Maiki inapita kwenye miksa kwanza, ndipo miksa inaingia kwenye kadi.

Kabla ya kutafuta draiva, itazame saa ya kompyuta. Watu hupita hapa bila kusimama, halafu wanahangaika mchana kutwa. Kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani ya kompyuta, kuna betri ya duara, CR2032 ya volti 3. Ikiisha, kila umeme ukikatika kompyuta inarudi kwenye tarehe ya miaka mingi nyuma. Kompyuta inayodhani iko mwaka 2009 itakataa kurasa nyingi za intaneti kwa kuona vyeti vyake vya usalama havijaanza kutumika, na inaweza kuigomea hata saini ya draiva. Ukishaanza kurekodi, mafaili yako nayo yatabeba tarehe za uongo na hutajua ni lipi waliloimba mwisho. Betri hizo zipo kwa mafundi saa sokoni. Badilisha, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio inayofunguka kabla ya Windows kuwaka, weka tarehe sahihi. Ukiwa humohumo, zima sauti ya mazabodi yenyewe ili Windows isiwe na kadi mbili za kuchagua.

Halafu ichomoe kadi uisafishe. Wakati wa kiangazi vumbi la Tabora linaingia kila mahali, na meno ya dhahabu ya kadi yakishika uchafu kompyuta haiioni kabisa. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, shika chuma cha kasha kwa mkono. Sugua meno kwa kifutio cheupe cha penseli, taratibu, kisha pangusa kwa kitambaa kikavu. Unaporudisha, hakikisha ni tundu la PCI ya kawaida. PCI Express ina mkato mwingine na kadi hii haiingii humo. Isukume mpaka ikae chini kabisa na ufunge skrubu. Kadi iliyoinama kidogo inaonekana leo na kupotea kesho.

Washa kompyuta. Windows itasema imeona kifaa kipya na kutaka kukitafutia draiva. Ikatalie. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, bonyeza Enter. Itafunguka Device Manager, na humo utaona kifaa chenye alama ya njano kikiitwa Multimedia Audio Controller. Jina hilo halikuambii kitu; karibu kila kadi ya sauti isiyo na draiva hupewa jina hilo. Kibofye kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia Properties, kisha Details, na kwenye orodha chagua Hardware Ids. Sasa utaona mstari unaoanza na PCI, halafu VEN_1412 na DEV_1712.

Hapo ndipo penye ukweli wote. Namba 1412 na 1712 zinakuambia kwamba chipu iliyomo ni Envy24, ile iliyoandikwa ICE1712 juu ya kadi ukiitazama kwa tochi ya simu. Chipu hiyo ilitumiwa na watengenezaji zaidi ya mmoja, Terratec wakiwemo, kwa hiyo soma pia kipande kinachofuata, SUBSYS, kwa kuwa ndicho kinachotaja kadi yenyewe. Mstari mzima uandike kwenye daftari. Ukija kuomba msaada kwa fundi yeyote, mpe mstari huo, usimpe rangi ya kadi wala stika ya kwenye boksi. Nimeona kadi nzuri zikiuzwa kama chuma chakavu kwa kukosa mstari huo mmoja.

Jambo la pili la kuandika ni kama Windows yako ni ya biti 32 au 64. Bofya Computer kwa kitufe cha kulia, Properties, utaona. Draiva ya biti 32 haiingii kwenye mfumo wa biti 64, hata uilazimishe vipi. Kwa mashine yenye RAM ya gigabaiti 4 au pungufu mimi naweka Windows 7 ya biti 32 na kazi inakwenda.

Sasa draiva yenyewe. Nenda kwenye tovuti ya M-Audio, sehemu ya draiva, tafuta vifaa vya zamani vya Delta. Viungo vingi unavyoelekezwa na watu vimekufa kwa sababu kampuni imebadilisha wenyewe: ilianza ikiitwa Midiman, ikanunuliwa na Avid mwaka 2004, ikauzwa kwa inMusic mwaka 2012, na kurasa za enzi za Avid hazikuhama zote. Pakiti moja ya Delta inahudumia ndugu wote, Delta 44, 66, 1010 na Audiophile 2496, kwa hiyo usishtuke ukikuta jina la kadi yako limechanganywa na mengine. Cha kuchagua ni toleo la Windows na biti zake.

Pakua kwa simu au laptopu ya mtu, maana kivinjari cha Windows XP au Windows 7 cha zamani hakifungui tena kurasa nyingi za leo. Linganisha ukubwa wa faili na ulioandikwa kwenye ukurasa. Bando likikatika katikati unabaki na faili pungufu, na faili pungufu ndilo linaloleta ujumbe wa ajabu katikati ya kazi. Lihamishie kwenye flashi iliyosafishwa, si ile inayozunguka steshenari zote za mjini. Na tafadhali sana, kaa mbali na zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mpigo. Zinaingiza matangazo, zinaomba pesa, na kadi ya mwaka 2000 na kitu hazijui.

Flashi ikiwa tayari, funga programu zote, simamisha antivirusi kwa muda huo, bofya faili la draiva kwa kitufe cha kulia na uchague kuliendesha kama msimamizi. Likiuliza kama unaamini mchapishaji, kubali. Likimaliza, zima na kuwasha upya hata kama halijakuomba. Ukirudi Device Manager, alama ya njano iwe imeondoka na pembeni ya saa pawe na kialama cha Delta.

Alama ikibaki, ibofye usome namba ya kosa. Kosa 28 lina maana draiva haijaingia kabisa, na mara nyingi ulichagua toleo la Windows lisilo lako. Kosa 10 ni kwamba draiva ipo ila kifaa kimeshindwa kuanza. Hapo zima, hamisha kadi kwenye tundu jingine la PCI, kwa kuwa matundu hushirikiana njia za kuita prosesa na kadi ya picha huweza kuikaba ya sauti. Kosa 52 ni la saini: Windows ya biti 64 imekataa kuiamini draiva. Hakiki tarehe tena kwanza. Ikiwa sahihi, washa upya huku ukibonyeza F8, chagua kuzima ukaguzi wa saini. Ruhusa hiyo inadumu mpaka utakapozima tu, kwa hiyo itumie kupima, halafu utafute pakiti sahihi.

Alama imeondoka, lakini kazi haijaisha, na hapa ndipo kwaya nyingi huchoshwa bure. Fungua dirisha la Delta. Kwenye Hardware Settings, saa kuu, yaani mpigo unaoiendesha kadi, iwe Internal Xtal, ile ya ndani ya kadi. Ikiwa S/PDIF, yaani njia ya sauti ya kidijitali, na hakuna waya wa kidijitali uliochomekwa, kadi inasubiri mpigo usiokuja, na utadhani draiva ni mbovu. Weka kasi 44100, yaani sampuli (vipimo vya sauti) 44100 kwa sekunde, kisha weka tiki kwenye Rate Locked, ili mlio wowote wa Windows usije kuibadilisha katikati ya wimbo.

Kisha bafa, yaani sehemu ambako sauti hukusanywa kwa mafungu kabla ya kupita. Ukiweka sampuli 256 kwa kasi ya 44100, kila fungu la sauti linachukua milisekunde 5.8, ukiweka 1024 linafika 23.2, na sauti inapita kwenye bafa wakati wa kuingia na tena wakati wa kutoka. Mwimbaji wa sauti ya tatu akisikia sauti yake kwenye hedifoni ikichelewa hivyo, anaanza kuvuta mwendo, na mwalimu wa kwaya anamlaumu bila kosa. Lakini kompyuta ya zamani ukiishusha hadi 128 inaanza kukwaruza. Kwa hiyo situmii kompyuta kumrudishia mwimbaji sauti yake. Dirisha la Delta lina ukurasa wa Monitor Mixer, ambao unapeleka sauti kutoka tundu la kuingilia moja kwa moja hadi la kutokea ndani ya kadi yenyewe, bila kumngoja prosesa. Nenda Patchbay/Router, tundu la kutokea lipewe Monitor Mixer, rudi upandishe vitelezi. Kisha zima usikilizaji ndani ya programu ya kurekodia, la sivyo mwimbaji atajisikia mara mbili. Kwa njia hii unaweza kuacha bafa 512 au hata 1024, mashine ikapumua, na mwimbaji akaimba kwa raha. Kipengele hiki pekee kinatosha kunifanya niitetee kadi hii mbele ya yeyote.

Mengine ni mafupi. Mpango wa umeme wa Windows uwe wa nguvu kamili, milio ya mfumo izimwe, Wi-Fi izimwe wakati wa kurekodi. Windows XP iliacha kupata masasisho Aprili 2014 na Windows 7 Januari 2020, hivyo mashine ya studio iache nje ya mtandao kabisa; nyimbo zitoke kwa flashi yake yenyewe. Mvua zikianza, radi zikisikika tu, chomoa ukutani.

Mwenye kadi ya nje ya USB afuate utaratibu wa kinyume: draiva kwanza, kuchomeka baadaye, na achomeke nyuma ya kasha, kwenye tundu lililo kwenye mazabodi, asitumie la mbele wala kigawanyio.

Na kama Windows imekugomea kabisa, jaribu Linux kabla ya kukata tamaa. Draiva ya ICE1712 imo ndani ya kerneli, kiini cha Linux yenyewe, inaitwa snd-ice1712, hakuna cha kupakua. Weka Ubuntu Studio, fungua dirisha la amri, andika cat /proc/asound/cards, utaiona kadi imeorodheshwa. Sauti isipotoka, weka programu ya envy24control. Vitelezi vyake ni vya chipu yenyewe na mara nyingi vinakuwa vimeshushwa chini.

Kabla hujaita waimbaji, pima kadi peke yake. Chukua waya wa RCA, toa sauti kwenye tundu la kutokea uirudishe kwenye la kuingilia la kadi hiyohiyo, shusha vitelezi vya sauti inayoingia kwenye Monitor Mixer ili sauti isijizungushe, kisha cheza wimbo kwenye njia moja huku unaurekodi kwenye nyingine. Ukirudi safi, kadi na draiva ni wazima, na mkwaruzo wowote utakaokuja baadaye utafute kwenye miksa, waya au maiki. Baada ya hapo nakili faili la draiva kwenye CD na kwenye flashi ya pili, kata kipande cha karatasi, andika ule mstari wa VEN na DEV, biti za Windows, jina la faili na tundu la PCI ulilotumia, ukibandike kwa selotepu ndani ya mfuniko wa kasha.