Kusomea mifumo ya umeme: shika pa-yuniti kabla ya programu

Mwanafunzi anayechagua tawi la mifumo ya umeme kwa kawaida hakwamishwi na transfoma wala nyaya. Hukwamishwa na hesabu za mwaka wa pili: namba changamano, matriki na milinganyo tofautishi. Kabla ya kuingia mwaka wa tatu, hakikisha unaweza kukokotoa umeme wa fezi tatu bila kusita lini unatumia volteji ya fezi (kati ya waya mmoja na nyutro) na lini ya laini (kati ya waya mbili za fezi). Ukichanganya hizo mbili, jibu hukosewa kwa mara 1.732, na kosa hilo halijitangazi.

Kisha kaa na pa-yuniti, yaani kuandika kila kiasi kama sehemu ya kiwango cha msingi ulichochagua, hadi uizoee. Chukua transfoma ya MVA 60, kV 132/11, yenye impidansi (kizuizi chake kwa mkondo) ya asilimia 10. Ukichagua msingi wa MVA 100, impidansi yake ni 0.10 × 100/60, yaani 0.167. Mkondo wa msingi upande wa kV 11 ni ampea 5,249. Ukichukulia gridi iliyo nyuma yake haina impidansi, hitilafu ya fezi tatu (fezi zote kugusana) kwenye kV 11 italeta mkondo wa takriban kA 31.5. Usipobadili msingi utapata kA 52.5 na kununua breka kubwa bure. Hiyo ni hasara tu. Transfoma ingekuwa ya MVA 150, kosa lilelile lingekupa mkondo mdogo kuliko ule halisi, na breka uliyochagua ingeshindwa kukata. Hapo ndipo kwenye hatari.

Mtiririko wa nguvu, yaani kutafuta volteji na pembe za kila kituo cha gridi, ufanye kwa mkono angalau mara moja: vituo vitatu, njia ya Newton-Raphson, inayokaribia jibu kwa kurudia hesabu. Kimoja ni cha rejea, cha pili kina jenereta, cha tatu kina mzigo. Visivyojulikana ni vitatu tu: pembe mbili na volteji moja. Anza na volteji 1.0 na pembe sifuri; mara nyingi mizunguko mitatu hadi mitano inatosha. Majibu yakikimbia, angalia kwanza kama mzigo umeandikwa kwa alama ya kutoa, kisha kama pembe ziko kwa radiani. Ukimaliza, linganisha na programu za MATPOWER au pandapower, zote za bure. Programu itakupa jibu hata ukiilisha data mbovu, kwa hiyo anayeanza nayo hana cha kuipimia.

Ulinzi na uthabiti wa mfumo vinafuata, na vyote vinaegemea misingi hiyo. Hitilafu zisizo sawia zitakudai vijenzi linganifu, mbinu ya kugawa mfumo usio sawia kuwa seti zilizo sawia, aliyoitoa mhandisi Fortescue mwaka 1918.

Maabara ina sharti moja lisilojadiliwa: usiache wazi saketi ya upande wa pili wa transfoma ya mkondo (ile ya kupimia mkondo) wakati umeme unapita. Volteji hupanda hadi kuua. Ukitaka kuondoa ampmita, unganisha kwanza ncha hizo mbili kwa waya.