Mashudu kwa nguruwe wanaokua: hesabu laisini kabla ya protini

Mfugaji mmoja alinipigia simu kwa sababu nguruwe wake walikuwa wamedumaa. Walikuwa na kilo 30 na kidogo, wanakula hadi kihori kinang'aa, hawaharishi, dawa ya minyoo wameshapewa, lakini kila wakipandishwa kwenye mizani uzito ulikuwa karibu uleule. Chakula alikichanganya mwenyewe kwa mahindi na mashudu ya alizeti, na protini alikuwa ameipigia hesabu vizuri tu. Tulikaa na daftari mpaka usiku wa manane tukitafuta ugonjwa ambao haukuwepo. Hatua hizi nimeziandika baada ya usiku ule, kwa mwenye nguruwe wa kilo 25 hadi 50.

Hatua ya 1: Jua mashudu yako yametoka wapi

Muulize muuzaji maswali mawili. La kwanza: mafuta yalikamuliwa kwa presi au kwa kiyeyushi, yaani kemikali inayoyeyusha mafuta? Mashudu ya presi hubaki na mafuta asilimia 5 hadi 10, hivyo yana nguvu zaidi lakini huchacha upesi. Ya kiyeyushi hubaki na mafuta chini ya asilimia 2 au karibu na hapo. La pili: mbegu zilikobolewa kwanza? Kwa alizeti swali hili ndilo lenye uzito. Ikikamuliwa na maganda yake, nyuzinyuzi hufika asilimia 25 na kupita, na tumbo la nguruwe si la ng'ombe. Akijaza tumbo maganda, anashiba kabla hajapata nguvu ya kukua.

Hatua ya 2: Nusa, vunja, tazama

Yenye ukungu, harufu ya uvundo au mafuta yaliyochacha, rudisha. Uwe mkali zaidi kwa mashudu ya karanga na ya nazi, kwa sababu hayo hushika sumukuvu kwa urahisi, na kuyapika hakuiondoi. Tena sumukuvu inaweza kuwepo bila ukungu kuonekana kwa macho, kwa hiyo shehena kubwa ya karanga ipeleke maabara kabla hujailipia. Hifadhi magunia juu ya chaga, mbali na ukuta.

Hatua ya 3: Hesabu laisini

Hapa ndipo tulipokesha.

Nguruwe anatumia asidi amino zilizomo ndani ya protini, na anayelishwa nafaka, ya kwanza kumpungukia ni laisini. Ikipungua hiyo, nyingine zote hata zikiwa tele haziwezi kujenga nyama. Mwili unazivunja na nitrojeni inatoka kwa mkojo. Banda la yule mfugaji lilikuwa likinuka amonia kali kuliko kawaida, nasi tulidhani ni usafi. Kumbe ilikuwa protini yake ikimwagika sakafuni.

Protini iliyoandikwa kwenye gunia haikuonyeshi jambo hili. Maabara hupima nitrojeni, huzidisha kwa 6.25, na jibu ndilo huitwa protini ghafi. Laisini haimo katika hesabu hiyo. Hizi ndizo namba ninazoanza nazo; mashudu hutofautiana, hivyo ukiwa na vipimo vya mzigo wako, tumia hivyo:

- mahindi: protini 8, laisini 0.25
- soya: protini 46, laisini 2.9
- karanga: protini 45, laisini 1.6
- pamba: protini 38, laisini 1.6
- ufuta: protini 42, laisini 1.0
- alizeti: protini 32, laisini 1.1
- nazi: protini 21, laisini 0.55

Zote ni asilimia. Tazama ufuta: protini yake inaikaribia ya soya, laisini yake ni theluthi tu. Uzuri wa ufuta ni methionini, asidi amino nyingine ambayo soya inayo kidogo, kwa hiyo nauweka kando ya soya na siuweki mahali pake.

Nguruwe wa kilo 25 hadi 50 wa mbegu bora anahitaji chakula chenye laisini takriban asilimia 1.1. Sasa angalia chakula cha yule mfugaji. Katika kilo 100: mahindi 65, alizeti 32, madini na chumvi 3. Protini: 5.2 kutoka kwenye mahindi na 10.2 kutoka kwenye alizeti, jumla 15.4. Kwenye karatasi kinapendeza. Laisini: 0.16 na 0.35, jumla 0.51. Nusu ya mahitaji haikufika! Nyuzinyuzi nazo zilikuwa zimepita asilimia 9.

Tulibadilisha hivi: mahindi kilo 68, soya 20, alizeti 9, madini, chumvi na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) 2.7, na laisini ya unga kilo 0.3. Laisini ya unga inayouzwa zaidi ina laisini halisi asilimia 78, kwa hiyo gramu 300 huleta gramu 234. Jumla: 0.17, 0.58, 0.10 na 0.23, yaani 1.08. Protini ikapanda hadi kama 17.5, nyuzinyuzi zikashuka chini ya 5.

Mtu ataniuliza: kwa nini usibaki na alizeti yote ileile na kuongeza laisini ya unga peke yake? Kwa sababu maganda yanabaki palepale, na ukishaijaza laisini, treonini, asidi amino nyingine, ndiyo itakayofuata kupungua. Alizeti naipenda, haina sumu ya kuogofya, lakini kwa nguruwe wa umri huu sivuki kilo 10 katika 100 kama haikukobolewa.

Kuna mambo matatu ya kuangalia katika hesabu hii, na yote yaliwahi kunipotosha.

La kwanza ni usagaji wa tumboni. Katika laisini ya soya nguruwe hunyonya karibu asilimia 89. Ya alizeti karibu 80. Ya pamba na ya nazi ni kidogo zaidi ya 60. Kwa hiyo 1.6 ya pamba si 1.6 ya karanga, hata kama daftari linazilinganisha. Ukitumia pamba au nazi kwa wingi, ongeza laisini kuliko hesabu inavyodai.

La pili ni moto. Mashudu yaliyoungua, ya kahawia iliyokolea na harufu ya kahawa, laisini yake imeshikana na sukari na tumbo haliwezi kuitoa. Maabara itakupa protini ileile. Ndiyo maana nashikilia kutazama rangi kwa macho yangu kabla ya kusoma cheti.

La tatu ni kinyume chake: soya isiyopata moto wa kutosha. Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya cha kusaga protini, vinavyomzuia nguruwe kusaga protini yoyote aliyokula, hata ya mahindi. Omba kipimo cha yurease, kinachoonyesha kama moto ulitosha, au nunua iliyopimwa.

Mraba wa Pearson, njia ya kuchora mraba ili kupata uwiano wa kuchanganya vyakula, siupendi, kwa sababu watu huujaza protini na kuridhika. Ukiupenda, ujaze laisini. Mimi nafanya kwa karatasi na kikokotoo, safu moja kwa kila kirutubisho.

Hatua ya 4: Kama unatumia pamba

Pamba ina gosipoli, sumu inayokusanyika mwilini na kuharibu moyo na ini. Nguruwe huonekana mzima kwa wiki kadhaa, kisha anaanza kuhema kwa shida na anakufa ghafla. Gosipoli huru katika chakula chote isizidi miligramu 100 kwa kilo. Mashudu yenye asilimia 0.05 ukiyaweka kilo 20 katika 100, umeshafika ukingoni. Mimi naishia kilo 10. Madini ya chuma huifunga gosipoli, uzito kwa uzito. Kilo 10 za mashudu hayo zina gramu 5 za gosipoli huru, zinazohitaji gramu 5 za chuma. Salfeti ya chuma ya kawaida, yenye maji, ina chuma asilimia 20, kwa hiyo pima gramu 25. Kama hujui kiwango cha gosipoli, usimpe nguruwe.

Hatua ya 5: Changanya

Laisini, salfeti, premiksi na chumvi zichanganye kwanza na kilo 5 za mahindi yaliyosagwa, kisha ndipo uingize kwenye rundo.

Hatua ya 6: Badilisha taratibu, kisha pima uzito

Siku tano hadi saba za kuchanganya chakula cha zamani na kipya zinatosha. Pima nguruwe walewale kila wiki, asubuhi kabla hawajala. Mbegu bora wa umri huu huongeza gramu 600 hadi 750 kwa siku. Wakiwa chini sana ya hapo na afya ni njema, rudi kwenye safu ya laisini. Wanapokaribia kuchinjwa, punguza mashudu ya presi yenye mafuta ya alizeti au soya, maana mafuta hayo hulainisha mafuta ya nyama na mnunuzi huyakataa.